Waipa za Gari la Zamani Zikigoma: Sikiliza Kwanza, Mota Ununue Mwisho

Mvua za Dar es Salaam hazipigi hodi. Masika ya Machi hadi Mei, na hata vuli ya Oktoba hadi Desemba, unaweza kutoka Mbezi jua linawaka ukakuta Posta watu wamejibanza vibarazani na barabara imegeuka mto. Gari lenye miaka 20 barabarani, iwe Corolla, IST, Noah au Carina, limemaliza kiangazi kizima waipa zake hazijaguswa. Siku ya mvua ya kwanza unashusha kijiti, na hakuna kinachotokea. Au kinachotokea ni mkono mmoja kunyanyuka na mwingine kubaki umelala.

Ukifika gereji, fundi ataangalia nusu dakika na kukwambia, "Bosi, mota imekufa hiyo." Inawezekana. Lakini mota ya waipa ni chombo kigumu, na kabla haijafa kuna raba, nati, bushi za plastiki, fyuzi na waya wa bodi (ule wa hasi, unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari), vyote vya bei ndogo, ambavyo hutangulia kuharibika. Mwongozo huu unakupitisha hatua kwa hatua, kuanzia kisichogharimu kitu. Kazi nyingi utazifanya mwenyewe nje ya nyumba. Zile za kumwachia fundi umeme, angalau utakwenda ukijua unamwambia nini.

Zima redio, usikilize

Mwagia kioo maji ya kutosha, maana kuendesha waipa kwenye kioo kikavu chenye vumbi ni kukikwaruza makusudi. Washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, zima redio na feni, kisha shusha kijiti cha waipa. Kwenye magari ya Japani kiko kushoto mwa usukani. Mtu mmoja asimame nje aangalie mikono, wewe ndani sikiliza.

Ukisikia mota inanguruma lakini mikono haiendi, au unakwenda mmoja tu, mara nyingi mota ni nzima, na asikuuzie mtu nyingine kwa haraka. Tatizo kwa kawaida ni nati iliyolegea au linki, yaani vyuma vinavyounganisha mota na mikono, iliyochomoka. Ukisikia "tak" moja kisha kimya, kuna kitu kimekwama na mota inalazimisha, kwa hiyo zima haraka kabla haijaungua. Kimya cha moja kwa moja maana yake umeme haufiki. Mikono ikijikokota, hasa ikifika juu ya kioo, fikiria ukavu na kutu au umeme hafifu. Ikikwenda vizuri lakini ikasimama katikati ya kioo pale unapozima badala ya kurudi kulala chini, hiyo ni swichi ndogo iliyomo ndani ya mota yenyewe.

Kuna kesi moja inayowachanganya wengi: waipa zinakwenda sawasawa, raba ni mpya, na bado huoni mbele. Pitisha kidole upande wa ndani wa kioo. Kikiacha mstari, huo ni ukungu wa ndani, na waipa hazina kosa. Magari mengi ya umri huu AC yake ilishaacha kazi, na joto la Dar likichanganyika na pumzi za watu wanne na nguo zilizolowa, kioo kinafunga ndani ya dakika chache. AC ikiwa hai, iwashe na uelekeze upepo kwenye kioo, kwa sababu inakausha hewa. Ikiwa imekufa, shusha vioo vya pembeni kidogo hata kama utalowa bega.

Kioo na raba

Hapa ndipo pa kuanzia kama waipa zinafanya kazi ila zinaacha mistari, zinaruka-ruka au zinalia.

Usinunue raba kabla ya kuosha kioo. Barabara kama Mandela, yenye malori ya dizeli kutoka bandarini, inaacha utando wa mafuta ambao maji matupu hayautoi. Nta ya sehemu za kuoshea magari nayo inaishia kwenye kioo, na raba ikikutana na nta inaanza kurukaruka. Osha kwa sabuni ya maji ya vyombo, suuza vizuri, kisha futa kwa kitambaa kisafi chenye spiriti au siki. Maji yakitandaa sawasawa bila kujikusanya matone-matone, kioo kimekuwa safi.

Sasa nyanyua mkono mmoja taratibu na ushike ukingo wa raba kati ya kidole gumba na cha shahada. Uvute kutoka upande mmoja hadi mwingine. Raba nzuri ni laini, ina ukingo mkali na ulionyooka. Raba iliyopigwa na jua inakuwa ngumu, ina mikato midogo, na ukiikunja inabaki imelala upande mmoja. Kidole kikitoka na weusi kidogo ni uchafu tu, futa kwa spiriti ujaribu tena. Kikitoka na vipande vya raba, hiyo imekwisha.

Wakati wa kununua, pima kwa rula urefu wa raba zote mbili. Usidhani zinalingana, kwani kwenye magari mengi ya dereva inazidi. Ukifunga ndefu mahali pa fupi zitagongana katikati au zitapiga fremu ya kioo. Zile zinazouzwa kwenye foleni za taa si lazima ziwe mbaya, lakini muuzaji anakuharakisha na taa inakaribia kuruhusu, kwa hiyo hupati nafasi ya kuipima wala kuikunja. Dukani utaipima. Kama chuma chako cha kushikia raba hakijalegea wala kula kutu, uliza raba tupu za kubadilisha, maana chuma kizima hakihitajiki. Ukivuta raba ya zamani, tunza vile vibati viwili vyembamba vilivyo pembeni yake na uvirudishe kwa mkunjo uleule.

Raba mpya ikiendelea kuruka upande mmoja wa safari tu, mkono umepinda. Toa raba, weka kitambaa kinene kwenye kioo, kisha shusha mkono mtupu. Ncha yake inatakiwa ilale sambamba na kioo. Kama imeinamia upande, ishike kwa spana mbili na kuipinda kidogo sana, huku mkono ukiwa juu, mbali na kioo.

Onyo moja kabla hatujaendelea: mkono ulionyanyuliwa bila raba una springi, na ukiponyoka chuma kinapiga kioo. Kioo cha mbele kinaweza kupasuka kwa pigo moja. Kila unapotoa raba, tandika taulo lililokunjwa chini yake.

Nati na meno ya mkono

Chini ya kila mkono kuna kifuniko cha plastiki, na ndani yake nati. Kwenye Toyota nyingi ni namba 14, ingawa utakutana na namba 12 pia. Mkono usiokwenda huku mota ikinguruma, jaribu kuutikisa. Ukicheza wenyewe kushoto na kulia, nati imelegea.

Kabla ya kufungua, hakikisha waipa zimelala mahali pake na uweke alama kwenye kioo kwa selotepu pale raba inapokaa. Fungua nati, utikise mkono hadi utoke. Ukigoma kwa kutu, nyunyizia mafuta ya kulegeza kama WD-40, usubiri, urudie. Usiupige nyundo wala kuubana na bisibisi dhidi ya kioo, maana mhimili ulio chini yake, unaouzungusha mkono, umeshikiliwa na bati la aloi linalopasuka kirahisi.

Ukishautoa, tazama meno. Mhimili ni wa chuma kigumu lakini kichwa cha mkono ni aloi laini, hivyo meno ya mkono ndiyo hulika kwanza. Yasafishe kwa brashi ya waya, rudisha mkono kwenye alama, kaza. Kama meno yamekuwa laini kabisa, nunua mkono. Kuna ujanja wa kuingiza kipande cha kopo katikati ili ubane. Utadumu wakati wa manyunyu, na mvua kubwa ikija utateleza tena.

Linki: hapa ndipo penye kesi nyingi

Linki ni vile vyuma virefu vilivyofichwa chini ya kioo, vinavyochukua mzunguko wa mota na kuugeuza kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Kila kiungo kina tufe dogo la chuma lililoingia kwenye bushi ya plastiki, linabana kama kifungo cha kubonyeza cha nguo. Plastiki ikichoka, tufe linatoka. Mota inaendelea kuzunguka bila kitu cha kusukuma, na hapo ndipo watu wanapouziwa mota.

Toa ufunguo kwenye swichi na uuweke mfukoni. Linki ikianza kwenda kidole kikiwa katikati, haisimami kukusubiri. Kisha:

1. Toa mikono yote miwili kama tulivyoeleza.
2. Fungua boneti, toa raba ndefu ya ukingoni, kisha plastiki yenye matundu iliyo chini ya kioo. Pini zake zimepikwa na jua miaka mingi, kwa hiyo zinyanyue taratibu kwa bisibisi bapa iliyovingirishwa kitambaa. Moja mbili zitakatika tu, na zinauzwa rejareja.
3. Chota majani. Gari linalolala chini ya mwarobaini au mwembe utalikuta limejaza mboji humo. Tafuta matundu ya kutolea maji kwenye kona na uyazibue kwa waya, kwa sababu yakiziba maji yanapanda hadi kwenye mota na mengine yanaingia ndani ya gari kupitia njia ya feni.
4. Shika kila kiungo na ukitikise. Kilichochomoka kinaonekana wazi, na kilicholegea kinacheza.

Bushi ikiwa haijapasuka, futa grisi ya zamani iliyoganda, paka mpya, panga tufe kwenye bushi na ulibane kwa plaizi kubwa hadi lisikike limeingia. Bushi iliyopasuka haifai kurudishwa hivyo. Unaweza kukifunga kiungo kwa waya laini wa kufungia nondo, usikikaze kikashindwa kujipinda, na hiyo itakufikisha nyumbani. Dawa yake ni bushi mpya, au linki nzima ya mtumba yenye viungo vinavyobana.

Usiondoke hapo bila kupima mihimili. Chomoa linki kwenye mhimili mmoja na ujaribu kuuzungusha kwa vidole. Unatakiwa uzunguke bila ubishi. Kwa magari yanayoishi Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach, au yanayopita kila siku Daraja la Tanzanite, upepo wa chumvi hukausha grisi na kuleta kutu humo ndani. Mhimili uliokaza ndio unaofanya waipa zijikokote, fyuzi ziungue, na hatimaye mota yenyewe ife kweli. Toa kipete cha kuuzuia, uvute nje, usafishe kwa msasa laini, paka grisi, rudisha. Kama hautoki, mafuta ya kulegeza na kuuzungusha kwa subira husaidia, japo si sawa na kuutoa.

Kimya kabisa: fuata umeme

Anza na fyuzi. Kisanduku kiko chini ya dashibodi au karibu na betri, na kwenye kifuniko tafuta WIPER au WIP. Mara nyingi ni ya ampea 20, ya njano. 25, isiyo na rangi. Au 30, ya kijani. Itoe uitazame dhidi ya mwanga. Ikiwa imekatika, weka ya namba ileile. Ukiweka kubwa zaidi, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au waya, safari ijayo kitakachoungua ni nyaya zilizo nyuma ya dashibodi. Fyuzi ikikatika tena mara moja, kuna waya unaogusa bodi. Ikikatika baada ya waipa kwenda kidogo, rudi kwenye linki na mihimili.

Fyuzi ikiwa nzima, jaribu spidi zote. Majibu yake yana maana. Zikifanya kazi spidi zote isipokuwa ile ya kupiga na kupumzika, angalia kijiti au rilei yake, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na umeme. Kwenye Toyota nyingi rilei hiyo imo ndani ya kijiti chenyewe. Ikienda spidi kubwa na ndogo ikagoma, ni kaboni moja ya mota (kipande kinachopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) imekwisha au swichi ya kijiti imechoka.

Hatua inayofuata ni soketi ya mota. Ichomoe, washa ufunguo, weka kijiti spidi ndogo, kisha gusa pini moja moja kwa testa ya balbu, waya wake mwingine ukiwa kwenye hasi ya betri. Pini moja kwa kawaida huwa na umeme muda wote ufunguo ukiwa umewashwa, kwa ajili ya kurudisha waipa zilale. Nyingine iwake kijiti kikiwa spidi ndogo, na nyingine kikiwa spidi kubwa. Hazikuwaka? Tatizo liko nyuma, kwenye kijiti au nyaya, na hapo fundi umeme anastahili hela yake. Zimewaka na mota imenyamaza? Bado usiihukumu.

Chukua waya mnene, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ganda la mota, chomeka soketi ujaribu tena. Mota ikiamka au ikaongeza kasi, ilikuwa inakosa waya wa bodi. Fungua boliti zake, sugua kwa msasa mahali chuma kinapokutana na bodi, kaza. Mimi naona jaribio hili lingefanywa gereji zote, nusu ya mota za waipa zinazotupwa zingerudi kazini.

Na kama waipa zinachangamka ukiongeza mafuta na kuchoka gari likiwa limesimama kwenye foleni, pima chaji. Injini ikinguruma, betri inatakiwa isome takriban volti 13.5 hadi 14.5. Chini ya hapo, waipa zinakuletea tu habari za alteneta, ile inayochaji betri.

Mota ikiwa kweli ndiyo yenyewe

Mota inayoamka ukiigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi ina kaboni zilizokwisha. Inayofanya kazi, ikazima yenyewe, ikapoa na kurudi, huenda ina kinga ya joto ndani yake. Hapo hakikisha kwanza linki si nzito. Fundi wa kusuka mota anaweza kubadilisha kaboni na kusafisha ile sahani ya ndani inayoamua waipa zilale wapi, na kwa mota ya asili ya Japani naona hiyo ni hela iliyotumika vizuri kuliko kununua mpya ya bei rahisi.

Ukiamua kununua, nenda Kariakoo upande wa Gerezani, au Ilala, ukiwa umebeba mota ya zamani mkononi na umeandika namba ya chesesi, kwa mfano NZE121 au NCP61. Linganisha idadi ya pini za soketi, matundu ya boliti na mkono mfupi unaotoka kwenye mota. Mwombe muuzaji aijaribu kwa betri mbele yako, spidi zote mbili. Isikilize: sauti iwe moja, bila kukwaruza. Mkubaliane kuhusu kurudisha kabla hujalipa, na iandikwe kwenye risiti.

Kufunga kuna mtego mmoja. Chomeka soketi, washa waipa, kisha zima kijiti ukiwa bado hujafunga mikono, ili mota ijipeleke yenyewe pale pa kulala. Baada ya hapo ndipo uweke mikono kwenye alama za selotepu na kukaza nati. Ukifunga bila kufanya hivyo, waipa zitalala juu ya macho ya dereva au zitapiga fremu. Mwagia kioo maji, jaribu spidi ndogo kwanza.

Zikikufia njiani

Mvua ikiwa kubwa huna ujanja: washa taa za dharura, toka barabarani mahali pa juu, usubiri. Usiegeshe bondeni Jangwani ukitegemea mvua itakatika. Raba ya dereva ikichanika, hamishia ile ya abiria kama si ndefu kuliko yake, kisha lilaze taulo chini ya mkono uliobaki mtupu na usiwashe waipa hadi umeutoa au umeufunga. Kuna wanaopaka kioo kiazi kibichi au sabuni. Inasaidia maji yatandae badala ya kukaa matone, kwa manyunyu ya mchana na mwendo wa pole. Usiku, taa za magari yanayokuja zitatawanyika kwenye utando huo na hutaona kitu.

Maji ya kunyunyizia

Waipa bila maji ni nusu ya kazi, na kwenye matope ya barabara za mitaani ni hatari. Bonyeza na usikilize: pampu ikilia na maji hayatoki, ni tobo limeziba au mpira umechomoka chini ya boneti. Isipolia, fuata njia ileile ya fyuzi na testa.

Matobo mengi Dar yanazibwa na maji ya kisima. Visima vingi vya mjini vina chumvi, nayo ikikauka inajenga ukoko mweupe kwenye tundu. Jaza maji ya bomba au ya mvua yaliyochujwa, na usitie sabuni ya unga. Ukoko uliopo uloweshe kwa siki, kisha uuchokonoe kwa sindano nyembamba, taratibu, usilipanue tundu. Kwa sindano hiyohiyo geuza kijitobo kielekee juu kidogo ya katikati ya kioo, kwa kuwa gari likifika kilomita 80 kwa saa upepo utayashusha maji chini ya pale ulipoyaona likiwa limesimama.